Nauli ya Kanda kwa Safari Fupi: London na Berlin Bega kwa Bega

Panda treni ya Central Line pale Liverpool Street, London, ushuke kituo kinachofuata, Bethnal Green. Umekwenda kituo kimoja. Kwa viwango vilivyoanza Machi 2025, ukisafiri asubuhi ya siku ya kazi kadi yako inakatwa pauni 3.50. Asubuhi hiyohiyo mtu mwingine anapanda Paddington, anapita King's Cross, Farringdon na Moorgate, anashuka Tower Hill baada ya vituo kumi na kimoja. Yeye anakatwa pauni 2.90.

Aliyekwenda mbali amelipa kidogo. Mashine haikukosea: Bethnal Green iko kanda ya 2, ilhali Paddington na Tower Hill zote ziko kanda ya 1. Nauli ya kanda haipimi umbali. Inahesabu mipaka uliyoivuka, na ndiyo maana safari fupi inayovuka mpaka inaweza kukugharimu kuliko safari ndefu isiyouvuka.

Jambo hili linawagusa sana ndugu zetu wanaoanza maisha Ulaya kwa kazi za usafi, za hotelini na za kutunza wazee. Wamezoea daladala au matatu: unajua ruti, unajua nauli, na usipojua unamuuliza konda. Huku hakuna konda. Kuna mashine inayokata kimya kimya, na mtu anaweza kulipa zaidi ya inavyompasa kwa miezi mingi bila yeyote kumwambia. Kwa hiyo hapa naiweka miji miwili pamoja, London na Berlin, kwa sababu imeshughulikia safari fupi kwa njia zinazopingana. London haina tiketi ya safari fupi ya treni, lakini ina basi la bei nafuu. Berlin ina tiketi ya safari fupi, lakini basi lake halina unafuu wowote wa peke yake. Ukiielewa tofauti hiyo, miji mingine mingi ya Ulaya itakuwa rahisi kuisoma.

Bei zote ninazotaja ni za 2025, isipokuwa nilipotaja mwaka mwingine. Nauli hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo shika zaidi namna ya kuhesabu.

London: kanda, saa, na aina ya chombo

Ramani ya London imegawanywa kwa kanda zinazozungukana. Kanda ya 1 iko katikati, na namba zinaongezeka kadiri unavyotoka nje, hadi 9. Kwenye treni ya chini ya ardhi unagusa kadi unapoingia na unagusa tena unapotoka. Kompyuta inaangalia vituo hivyo viwili, inahesabu kanda ulizopita, kisha inaangalia saa.

Saa za msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Ndani ya kanda ya 1 pekee nauli ni pauni 2.90 saa hizo na 2.80 saa nyingine. Kwa safari ya kanda ya 1 na 2, ni pauni 3.50 saa za msongamano na 2.90 saa nyingine.

Zitazame vizuri namba hizo nne. Saa za msongamano, kuvuka mpaka wa kanda ya 1 na 2 kunakugharimu peni 60. Saa nyingine kuvuka mpaka huohuo ni peni 10 tu. Ina maana mtu mwenye safari fupi ya kuvuka mpaka anaokoa peni 60 kwa kubadili saa tu, sawa na ambazo angeokoa saa za msongamano kwa kubadili kituo ili abaki kanda ya 1. Na kinachohesabiwa ni saa uliyogusa kadi kuingia, wala si saa uliyofika. Anayefanya usafi maofisini, akigusa kadi dakika moja kabla ya saa 12:30 asubuhi, analipa nauli ya chini hata akifika kazini saa moja. Kwa watu wa zamu za alfajiri hii ni habari muhimu, na nasikitika kuona ni wachache wanaoijua.

Kuna nafuu nyingine ya jioni. Ukitokea nje ya kanda ya 1 kuingia kanda ya 1 kati ya saa 10 na saa 1, unatozwa nauli ya chini ingawa ni saa za msongamano. Sababu ni kwamba jioni umati unatoka katikati ya mji, na wewe unakwenda kinyume na umati. Wa zamu ya usiku hotelini anafaidika hapa.

Halafu kuna vituo vilivyokaa juu ya mpaka wenyewe. Vauxhall, Earl's Court, Notting Hill Gate na Elephant & Castle vimeandikwa kanda 1/2. Stratford imeandikwa 2/3. Kituo cha namna hii huhesabiwa upande unaokupa nauli ndogo. Anayepanda Vauxhall kwenda Victoria analipa kanda ya 1 peke yake. Akipanda hapohapo kwenda Brixton analipa kanda ya 2 peke yake, ambayo ni nafuu kuliko kanda ya 1. Kama unatafuta chumba cha kupanga na una uwezo wa kuchagua mtaa, jirani na kituo cha mpakani ni pazuri. Wenye nyumba wanaijua siri hiyo pia, kwa hiyo linganisha kodi na nauli pamoja kabla ya kuamua.

Sasa basi. Hapa kanda zinakufa kabisa. Nauli ni pauni 1.75 popote uendapo, saa yoyote, usiku au mchana, ukipanda kituo kimoja au arobaini. Tangu Julai 2014 mabasi ya London hayapokei pesa taslimu: unagusa kadi unapopanda, na unaposhuka hugusi kitu. Ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza unaweza kupanda basi lingine, na lingine tena, bila kulipa upya, hata kama katikati umepanda treni. Mpango huu wanauita Hopper. Ulianza Septemba 2016 kwa kuruhusu basi moja la ziada, na tangu Januari 2018 mabasi ya ziada hayana idadi. Sharti ni kutumia kadi ileile, na kugusa kadi kwenye basi la mwisho kabla ya saa moja kuisha.

Kwa safari fupi, Hopper ina faida ambayo wengi hawaifikirii: inaruhusu kurudi. Unakwenda duka la dawa, unachukua dawa ya mtoto, unapanda basi la kurudi nyumbani dakika arobaini baadaye. Safari zote mbili ni pauni 1.75.

Turudi Bethnal Green. Basi namba 8 linapita hapo na kufika eneo la Liverpool Street. Kwenda na kurudi kwa treni saa za msongamano ni pauni 7 kwa siku, kwa basi ni 3.50. Kwa siku tano za kazi, treni ni pauni 35 na basi ni 17.50. Basi linachelewa kwenye foleni, hilo ni kweli, lakini kwa umbali wa kituo kimoja cha treni muda unaopotea ni mdogo. Lazima pia uhesabu dakika za kushuka ngazi, kutembea kwenye korido na kupanda tena.

Juu ya yote kuna kikomo. Ukifika pauni 5.25 kwa siku kwenye mabasi, yaani safari tatu zilizolipiwa, safari ya nne na kuendelea ni bure. Kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, kikomo cha mabasi ni pauni 24.70. Ukichanganya treni na basi katika kanda ya 1 na 2, kikomo cha siku ni pauni 8.90. Huhitaji kununua chochote mapema, kompyuta inajumlisha yenyewe.

Inajumlisha yenyewe, lakini kwa kadi moja. Simu yenye kadi ya benki na kadi yenyewe ya plastiki huhesabiwa kama wasafiri wawili tofauti, hata kama akaunti ni moja. Ukiingia kwa simu na kutoka kwa kadi, umefungua safari mbili zisizokamilika, na kila moja inaweza kutozwa nauli ya juu kabisa. Chagua kimoja asubuhi, ukae nacho hadi jioni. Na kama kadi yako ya benki ni ya nyumbani Tanzania au Kenya, uliza kwanza makato ya benki kwa malipo ya nje. Kwa nauli ndogondogo za kila siku, makato hayo yanaweza kula unafuu wote, na hapo kadi ya Oyster, yaani kadi ya nauli ya London unayoijaza pesa, ni bora.

Kuna safari moja ya treni ambayo sitamshauri mtu yeyote mwenye afya kuifanya. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260, umbali mfupi kuliko wote kati ya vituo viwili vya treni ya chini ya ardhi ya London. Nauli ni ileile ya kanda ya 1. Tembea.

Berlin: hesabu vituo kwanza

Berlin ina kanda tatu tu. Kanda A iko ndani ya reli ya mduara ya S-Bahn, yaani treni za mjini zinazopita zaidi juu ya ardhi. Kanda B inaanzia hapo hadi mpaka wa mji. Kanda C ni viunga vya nje, pamoja na Potsdam na uwanja wa ndege wa BER. Tiketi ya safari moja huuzwa kwa kanda zilizounganishwa: AB, BC au ABC. Hakuna tiketi ya safari moja ya A peke yake. Kwa hiyo mpaka wa A na B, ambao London ungekuwa mpaka wa kukuumiza, hapa haukuumizi hata kidogo. Aliyekaa kituo kimoja nje ya mduara halipi zaidi ya aliyekaa ndani. Huo ni uamuzi mzuri, na naupenda.

Ubaya wake ni kwamba tiketi ya AB ni euro 3.80 hata kama unakwenda karibu, na hapo ndipo tiketi ya safari fupi inapoingia. Kwenye mashine imeandikwa Kurzstrecke, na bei yake ni euro 2.60. Inakupa moja kati ya mambo mawili: vituo vitatu kwa U-Bahn (treni ya chini ya ardhi) na S-Bahn, ambapo unaweza kubadili treni, au vituo sita kwa basi au tramu, bila kubadili chombo.

Namna ya kuhesabu ndiyo inayowachanganya watu. Kituo unachopandia hakihesabiwi. Chukua S-Bahn kutoka Alexanderplatz: Hackescher Markt ni cha kwanza, Friedrichstraße cha pili, Hauptbahnhof cha tatu. Kwa hiyo kutoka Alexanderplatz hadi stesheni kuu, euro 2.60 inatosha. Ukisinzia ukashukia Bellevue, hicho ni cha nne, na tiketi yako imekwisha nguvu.

Chukua mfano mwingine ulio karibu zaidi na sisi. Katika eneo la Wedding kuna mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel, ambao barabara zake zilipewa majina ya Kiafrika tangu enzi za ukoloni wa Wajerumani. Mojawapo ni Sansibarstraße. Agosti 2024 sehemu ya barabara ya Petersallee, ambayo awali ilipewa jina la mkoloni Carl Peters, ilibadilishwa kuwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya babu zetu. Kituo cha U-Bahn hapo ni Afrikanische Straße, njia ya U6. Kuelekea mjini kinafuata Rehberge, halafu Seestraße, halafu Leopoldplatz. Vitatu. Ukienda sokoni Leopoldplatz, Kurzstrecke inatosha kabisa. Kituo kinachofuata, Wedding, tayari ni tiketi kamili.

Kwenye basi na tramu vituo viko karibukaribu, hivyo vituo sita si mbali sana. Tramu zenyewe nyingi ziko upande uliokuwa Berlin Mashariki, kwa kuwa upande wa Magharibi ulifunga njia yake ya mwisho ya tramu mwaka 1967. Anayeishi magharibi basi ndilo tegemeo lake, na ukumbuke sharti: chombo kimoja tu. Ukishuka basi la kwanza kwenye kituo cha pili na kupanda lingine kwa vituo viwili, jumla ni vinne, lakini Kurzstrecke haikuruhusu. Sharti hili silipendi. Mwenye mguu mbovu au mama mwenye kigari cha mtoto ndiye anayebadili basi kwa umbali mfupi, na ndiye anayelazimika kulipa euro 3.80.

Jambo la pili lisilopendeza ni kurudi. Tiketi ya AB inadumu saa mbili, na ndani ya saa hizo unaweza kubadili vyombo na hata kusimama njiani kunywa chai, ila mwelekeo lazima uwe mmoja. Huruhusiwi kurudi ulikotoka kwa tiketi hiyo. Ile safari ya duka la dawa, ambayo London ni pauni 1.75 kwenda na kurudi, Berlin ni Kurzstrecke mbili, euro 5.20.

Na hakuna mageti. Unaingia jukwaani bila kuzuiwa, na hapo wageni wengi hudhani mambo ni ya kujiachia. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kilichopo jukwaani, au ndani ya basi au tramu. Bila muhuri ni sawa na huna tiketi. Wakaguzi mara nyingi huvaa nguo za kawaida, na faini ni euro 60. Anayezidisha kituo kimoja kwenye Kurzstrecke hutozwa sawasawa na asiye na tiketi kabisa. Ukiwa na shaka ya hesabu, lipa ile euro 1.20 ya ziada ukate AB.

Ana kwa ana

| | London | Berlin |
|---|---|---|
| Kinachohesabiwa kwanza | Kanda na saa | Vituo |
| Treni, safari fupi | Pauni 2.80 hadi 3.50 ndani ya kanda 1, au kati ya 1 na 2 | Euro 2.60 hadi vituo vitatu |
| Basi, safari fupi | Pauni 1.75 | Euro 2.60 hadi vituo sita |
| Kubadili basi kwa basi | Bure ndani ya saa moja | Hairuhusiwi kwa Kurzstrecke |
| Kurudi kwa malipo yaleyale | Ndiyo, basi ndani ya saa moja | Hapana |
| Ukikosea | Nauli ya juu kabisa | Faini ya euro 60 |

Jedwali linaonyesha kama London ndiyo bora, na kwa mtu wa safari za mara mojamoja ni kweli. Asiyejua atasafiri mara ngapi wiki hii hana haja ya kubashiri. Anagusa kadi, kikomo kinamlinda.

Lakini anayesafiri kila siku asiishie hapo. Ujerumani ina Deutschlandticket, tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49. Mwaka 2025 ilikuwa euro 58, na kuanzia Januari 2026 ni euro 63. Inakupa mabasi, tramu, U-Bahn, S-Bahn na treni za mikoani nchi nzima. Kanda hazihusiki tena. Kwa bei za 2025, inajilipa kwenye safari ya 16 ya AB ndani ya mwezi, au safari ya 23 ya Kurzstrecke. Mtu anayekwenda kazini siku tano kwa wiki hufanya safari arobaini hivi kwa mwezi, kwenda na kurudi. Kwake Kurzstrecke ni hasara, hata kama kila safari ni ya vituo viwili. London, kikomo cha wiki cha mabasi peke yake kwa wiki nne kinakaribia pauni 99, na treni hukupanda.

Tahadhari kwa Deutschlandticket: ni mkataba wa kila mwezi unaojirudia wenyewe. Ukitaka kuuvunja, toa taarifa kabla ya tarehe 10 ya mwezi, la sivyo mwezi unaofuata unakatwa tena. Tena tiketi ina jina lako. Huwezi kumwazima shemeji.

Katikati ya hao wawili kuna mtu wa Berlin ambaye leo tu ana mizunguko mingi: ofisi ya uhamiaji, benki, kuona nyumba. Tiketi ya saa 24 ya AB ni euro 10.60. Inajilipa kwenye safari ya tatu ya AB, lakini kwa Kurzstrecke ni mpaka safari ya tano. Hesabu safari zako asubuhi kabla ya kutoka.

Wenye kipato kidogo wasikate tamaa kwenye mashine ya tiketi kabla ya kuuliza dirishani. Berlin inatoa tiketi ya mwezi ya bei ya chini sana kwa wanaopokea misaada ya serikali, wakiwemo waomba hifadhi. London ina punguzo la nusu nauli kwa baadhi ya wanaotafuta kazi kupitia ofisi ya ajira, na kadi za punguzo za reli, ile ya vijana wa miaka 16 hadi 25 kwa mfano, zinaweza kuunganishwa na Oyster ili zipunguze nauli theluthi moja saa zisizo za msongamano. Haya hayatangazwi kwenye jukwaa la treni. Ni lazima uulize, na usione haya kuuliza.

Kuhusu watoto, London inawapa walio chini ya miaka 11 safari za bure kwenye mabasi, na kwenye treni ya chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa mtu mzima mmoja. Berlin bure ni kwa walio chini ya miaka 6. Kuanzia 6 hadi 14 hulipa nauli ya watoto, isipokuwa wanafunzi wa shule za mji huo, ambao tangu Agosti 2019 husafiri bure katika kanda AB kwa kadi yao. Mgeni aliyekuja kutembelea na watoto wa miaka minane na kumi atahisi tofauti hiyo mara moja.

Miji mingine, kwa kifupi

München inahesabu vituo kama Berlin, lakini kwa hekima zaidi. Safari fupi ni vituo vinne, na katika hivyo visizidi viwili kwa U-Bahn au S-Bahn. Unaweza kuchanganya: treni vituo viwili, kisha basi vituo viwili. Kutoka stesheni kuu hadi Marienplatz kwa S-Bahn ni vituo viwili, inatosha. Huko kuna pia kadi ya mistari kumi: safari fupi unagonga mstari mmoja, safari ya kawaida ndani ya kanda M, inayofunika mji mzima, unagonga miwili. Kwa hiyo safari fupi ni nusu kamili. Mfumo ulio wazi namna hii hata mgeni wa jana anauelewa.

Zürich ina jambo linalowashangaza wengi: kanda 110, yaani mji wenyewe, huhesabiwa mara mbili. Hujavuka mpaka wowote, lakini umelipia kanda mbili. Tiketi hiyo inadumu saa moja. Ya safari fupi inadumu dakika 30, na vituo unavyoweza kufika kwayo vimepangwa tayari kwenye mashine ya kituo unachopandia.

Helsinki ndiyo niliyoipenda zaidi kwa jinsi walivyoutibu ugonjwa wa mpakani. Hadi 2019 walitoza kwa mipaka ya manispaa, hivyo aliyeishi jirani na mpaka wa Espoo aliumia kwa safari ya dakika tano. Aprili 2019 walianza kanda A, B, C na D, na tiketi nyingi zinauzwa kwa kanda zilizounganishwa, kuanzia jozi kama AB, BC na CD. Ukikaa karibu na mpaka wa A na B, AB inakufunika pande zote mbili. Ukikaa karibu na mpaka wa B na C, unakata BC. Wa katikati ya A analipia B asiyoihitaji, na hilo ni lawama ya haki, lakini hakuna anayeadhibiwa kwa kuvuka barabara.

Uholanzi waliamua kuzing'oa kanda. Kadi yao ya zamani ya mistari ilikuwa na kanuni ya kanda ulizopita jumlisha moja, kwa hiyo safari ya kanda moja ilikula mistari miwili. Msafiri wa karibu ndiye aliyebeba mzigo. Iliondolewa kabisa Novemba 2011. Sasa unagusa kadi kuingia na kutoka, unalipa kiasi cha kuanzia kinachozidi euro 1 kidogo, kisha kwa kila kilomita. Safari fupi huko ni nafuu kweli. Ila usisahau kugusa unaposhuka, hata kwenye basi, tofauti na London.

Paris nayo, tangu Januari 1, 2025, imefuta hesabu ya kanda kwa tiketi za safari moja: euro 2.50 kwa metro na treni, euro 2 kwa basi na tramu, mkoa mzima, ukiacha viwanja vya ndege. Wa nje ya mji wamepona. Wa vituo viwili katikati ya Paris ndio wanaochangia gharama yao, na kwao basi la euro 2 ndilo la kuangalia kwanza.

Kama ni wewe

Uko London, safari yako ni ya kituo kimoja hadi vitatu na inagusa mpaka wa kanda ya 1: panda basi, isipokuwa unaweza kugusa kadi kabla ya saa 12:30 asubuhi na njia ya basi ni ndefu sana. Safari yako yote iko kanda ya 2 au zaidi na unarudi baada ya muda unaozidi saa moja: linganisha, kwa kuwa treni za nje ya kanda ya 1 haziko ghali kiasi hicho, na muda wako nao una thamani.

Uko Berlin na unatoka mara moja au mbili kwa wiki: jifunze vituo vyako vitatu kila upande wa nyumbani, uviandike kwenye simu, na uishi na Kurzstrecke. Umepata kazi ya siku nne au tano kwa wiki: chukua Deutschlandticket mwezi uleule wa kwanza, usingoje uzoee mji. Na kama umefikia kwa ndugu aliye karibu na uwanja wa ndege wa BER, kumbuka yuko nje ya AB. Kwenda katikati ya mji ni tiketi ya ABC, euro 4.70, na mkaguzi kwenye treni hiyo hukutana na wageni wenye AB kila siku.